Gemu ya Wakereketwa, Gemu ya Wapita Njia: Namna ya Kupanga Makali ya Gemu ya Mtandaoni

Timu ndogo inayotengeneza gemu ya kuigiza wahusika, ile ya watu wengi kwenye seva moja, hufika mapema kwenye ubishi mmoja: iwe kali au iwe nyepesi? Mmoja anataka mhusika akifa apoteze kila alichobeba. Mwenzake anataka mtu aingie dakika kumi, apate cha kupata, atoke. Ubishi hauishi kwa sababu wote wawili wanazungumzia makali kana kwamba ni kitu kimoja. Ukweli ni kwamba gemu inamtoza mchezaji bei kadhaa tofauti: bei ya kukosea, bei ya kukosekana, bei ya kutegemea watu, bei ya kukaa karibu na wachezaji wabaya, na ugumu wa mkono wenyewe. Kila moja unaweza kuipandisha au kuishusha bila kugusa nyingine, na gemu nzuri nyingi ni kali sehemu moja na laini sehemu nyingine.

Mwongozo huu ni wa timu za Arusha na Moshi zenye watu wawili hadi sita, seva moja ya kukodi, na wachezaji mia moja hadi mia mbili ambao wengi wao wako kwenye simu. Namba tunazotoa ni za kuanzia. Mtazibadilisha mkishaona watu wenu wanavyocheza.

Andika watu kabla ya kuandika kodi (msimbo wa gemu)

Chukua karatasi, orodhesha watu watano mnaowafahamu kwa kazi zao. Kwa kila mmoja andika mambo matatu: anashika simu saa ngapi, kwa muda gani, na nini humkatiza. Dereva wa bodaboda kijiweni Sakina ana dakika 8 hadi 15, na abiria akitokea simu inaingia mfukoni papo hapo, hata kama alikuwa katikati ya pambano. Mwenye duka karibu na Soko Kuu anapata nafasi akishafunga, kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 4. Mwanafunzi wa hosteli ana usiku mrefu na Wi-Fi ya kugombania.

Halafu mwandike mpagazi wa Kilimanjaro, kwa sababu huyu ndiye atakayewafundisha mengi kuliko wote. Akipanda kwa njia ya Marangu anapotea siku 5 au 6. Akipanda kwa Lemosho ni 7 au 8. Julai na Agosti anaweza kushuka Jumamosi na kupanda tena Jumatatu, kwa hiyo anachopata ni saa mbili tatu za kucheza kwa wiki. Masika yakianza, Aprili na Mei, safari zinapungua, yuko nyumbani, na anaweza kukaa kwenye gemu saa sita kwa siku. Mtu yule yule ni mpita njia mwezi wa saba na mkereketwa mwezi wa nne. Ukigawa wachezaji makundi mawili na kuwajengea gemu mbili, huyu hana pa kukaa. Gawa maeneo na nyakati ndani ya gemu moja, na acha mlango wazi katikati.

Bei ya kukosea: ipime kwa dakika

Kila adhabu ya kifo igeuzeni iwe dakika. Jumlisha dakika za kurudi mahali ulipofia. Gharama ya kutengeneza vifaa ukigawa kwa kipato cha dakika moja. Pointi za uzoefu zilizopotea ukigawa kwa pointi za dakika moja. Na nusu ya dakika ambazo mhusika anakuwa dhaifu baada ya kufufuka.

Mfano. Kutembea kurudi ni dakika 3. Matengenezo ni shaba 120 (shaba ni sarafu ya ndani ya gemu), na mchezaji wa leveli hiyo hupata shaba 40 kwa dakika, kwa hiyo dakika 3 nyingine. Pointi hazipotei. Udhaifu unadumu dakika 4, nusu yake ni 2. Jumla dakika 8. Akifa mara tatu kwa saa, dakika 24 kati ya 60 zimekwenda, asilimia 40 ya muda wake. Sasa mrudie yule wa bodaboda mwenye dakika 12: kifo kimoja tu kimekula theluthi mbili ya nafasi yake ya siku. Hatarudi, na hatakuambia kwa nini.

Tunashauri muanze hivi: maeneo ya leveli za mwanzo, kifo kisizidi dakika 1, maeneo ya kati, dakika 4 au 5, maeneo ya hatari, dakika 15 hadi 30. Zaidi ya dakika 30 iwe tu pale mtu anapoingia kwa hiari yake, baada ya onyo linalotaja kwa maneno kitakachopotea.

Tofauti ya gemu mbili kubwa inaonyesha namba hizi zinavyofanya kazi. EverQuest ya mwaka 1999 ilimwacha mhusika aliyekufa na mali zake zote palepale alipoangukia. Ulirudi mikono mitupu kuifuata maiti yako kati ya mazimwi yaliyokuua, ulipoteza pointi za uzoefu, na ungeweza hata kushuka leveli. Ukichelewa mno, maiti ilioza na mali yake. World of Warcraft ilipotoka Novemba 2004 ilimpa marehemu umbo la mzimu unaokimbia kutoka makaburini mpaka kwenye mwili, na vifaa vilivyovaliwa vikapungua uimara kwa asilimia 10. Asiyetaka kukimbia alifufuliwa palepale makaburini kwa asilimia 25 ya uimara na udhaifu unaofika dakika 10. Hapo mchezaji amepewa chaguo, na chaguo hilo lina bei mbili zinazoeleweka. Ilikuwa gemu nyepesi kwa upande wa kifo, huku mapambano yake ya mwisho yakihitaji watu 40 waliozoeana. Kali na nyepesi kwa pamoja, katika sanduku moja.

Mambo manne huharibika hapa mara kwa mara.

La kwanza ni kushusha leveli. Mchezaji akishuka, vifaa alivyovaa vinamkataa, kazi aliyopewa inafungwa, na kikundi chake kinampita. Kosa moja linatozwa mara tatu. Wekeni sakafu: pointi zinaweza kupotea, ila zisishuke chini ya mwanzo wa leveli aliyopo.

La pili ni mzunguko wa kifo. Mtu anafufuka, zimwi liko hatua tano, anakufa tena. Mpeni sekunde 10 za kinga zinazokatika pale tu anapopiga yeye, na zuieni mazimwi kuzaliwa ndani ya mita 25 za mahali pa kufufukia. Akifa mara tatu ndani ya dakika 5, seva impeleke mjini yenyewe, bure.

La tatu ni kutoza muda mtupu. Dakika za kutembea kurudi hazimnufaishi mtu yeyote kwenye seva. Ikiwa lazima mtoze, tozeni kitu kinachozunguka. Katika EVE Online, gemu ya meli za angani iliyoanza 2003, meli ikilipuka imekwenda. Lakini meli hiyo iliundwa na mchezaji, kwa madini yaliyochimbwa na mchezaji mwingine, na anayenunua mpya anawalipa wote hao. Hasara ya mmoja ni soko la wengine kumi, ndiyo maana uchumi wake umedumu miaka yote hii.

La nne ni bei ya vifaa mahali ambapo aliyeuawa anaporwa vyote. Seti kamili ya kwenda nayo hatarini irudishike kwa dakika 30 hadi 45 za kazi ya kawaida. Ikihitaji saa kumi, hakuna atakayeivaa. Watakuja na matambara, mapambano yatakuwa ya matambara, na mafundi wenu waliojifunza kutengeneza silaha nzuri watakosa wateja.

Mtandao ukikatika

Sehemu hii haipewi uzito unaostahili kwenye vitabu vya wenzetu, na hapa kwetu ndiyo inayoamua gemu ikubalike au itupwe. Umeme unakatika, ruta inazimika, bando linaisha, simu inahama kutoka Wi-Fi kwenda data. Seva haiwezi kujua kama mtu amekatika au amezima makusudi ili akwepe kifo. Kwa hiyo kanuni lazima iwatendee wote wawili sawasawa na bado iwe ya haki.

Simu ya mchezaji itume ishara ya uhai kila sekunde 2. Zikikosekana tatu mfululizo, yaani sekunde 6, mhusika apewe alama ya «amekatika». Kuanzia hapo kanuni itegemee eneo. Eneo salama: aondolewe duniani baada ya sekunde 10. Eneo la mazimwi: kinga ya kukatika ianze, mazimwi yamwache, mhusika abaki ameinama kwa sekunde 60, kisha aondolewe. Eneo la kuuana wachezaji: hakuna kinga kabisa, mwili unabaki sekunde 60, na yeyote anaweza kuumaliza. Hii ya mwisho inauma, lakini bila hiyo kila anayeshindwa atawasha hali ya ndege, na pambano kati ya watu litakosa maana.

Kinga ya mazimwi nayo itachezewa msipoiwekea mipaka. Mtu mwenye uhai asilimia 5 atazima data. Wekeni masharti mawili: kinga ifanye kazi tu kama uhai wake ulikuwa zaidi ya asilimia 40 katika ujumbe wa mwisho uliofika, na kila mchezaji awe na kinga moja kwa saa 24, akilimbikiza zisizidi mbili. Aliyekatika kwa kweli kwa kawaida hakuwa karibu na kufa. Anayekwepa ndiye huzima akiwa hoi.

Jambo la kiufundi ambalo huwapata wengi: simu ikihama kutoka Wi-Fi kwenda data, anwani yake ya mtandao inabadilika. Kama seva inamtambua mtu kwa anwani, itamwona mgeni na kumwomba aingie upya, wakati mhusika wake anapigwa. Mtambueni kwa tokeni ya kikao (namba ya siri ambayo simu hupewa mtu anapoingia) inayodumu angalau sekunde 120 baada ya kimya, na simu ijaribu kuunganika yenyewe kila sekunde 2 bila kumrudisha kwenye skrini ya kuingia.

Pimeni pia bando. Taarifa za wahusika 30 wanaoonekana, baiti 20 kila mmoja, mara 10 kwa sekunde, ni baiti 6,000 kwa sekunde, karibu MB 22 kwa saa. Mkituma wahusika 15 tu walio karibu zaidi, mmepunguza nusu. Kinachoumiza zaidi ni sasisho la MB 300 linaloshuka bila kuuliza saa 2 usiku. Liombe ruhusa, na lishuke vipande vipande ili likikatika lisianze upya.

Ugumu wa mkono na umbali wa seva

Mwanga ndani ya nyaya za faiba huenda takribani kilomita 200 kwa kila milisekunde. Njia ya kebo ya kilomita 10,000 mpaka seva iliyoko Ulaya inachukua milisekunde 50 kwenda na 50 kurudi, kabla ya ruta na mnara wa simu kuongeza zao. Hesabuni 200 kwenda na kurudi, na 100 za kuyumba. Ongezeni 250 za mtu kuona na kugusa skrini. Mmefika 550. Bosi, yaani zimwi kubwa la pambano, anayetoa onyo la nusu sekunde kabla ya pigo, kwa mchezaji wa Moshi, hajatoa onyo lolote.

Onyo la pigo zito liwe milisekunde 900 kwenye mapambano ya kawaida, na 700 kwenye yale makali. Chini ya hapo mnapima mtandao wa mtu badala ya kumpima yeye. Makali yatafutwe kwingine: kupanga hatua mapema, kukumbuka mfuatano, kugawana kazi na wenzako. Old School RuneScape huendesha dunia yake kwa mzunguko wa sekunde 0.6, mwendo wa polepole kabisa, na bado ina mabosi wanaowatoa jasho wachezaji wa miaka mingi.

Bei ya kukosekana

Hapa ndipo mpagazi wetu anapotendewa haki au dhuluma. Zawadi ya kuingia kila siku, inayorudi sifuri ukikosa siku moja, inamwadhibu kwa kufanya kazi. Anashuka Mweka siku ya saba, anafungua gemu, anakuta amefutiwa mwezi mzima. Ifuteni. Wekeni kazi tatu kwa wiki, na za wiki iliyopita zibaki kama kiporo kwa wiki moja zaidi.

Kuna somo maarufu kutoka majaribio ya World of Warcraft kabla haijatoka. Wabunifu walitaka watu wasikae muda mrefu kupita kiasi, wakapunguza pointi za uzoefu kwa anayecheza mfululizo. Wajaribu walichukia. Wakageuza: pointi za kawaida zikawa zile za chini, na aliyepumzika akapata maradufu. Hesabu ilikuwa ile ile, ila sasa mtu alihisi amepewa, wala hakuhisi amenyang'anywa. Katika toleo lililotoka, saa 8 za kumwacha mhusika kwenye nyumba ya wageni au mjini ziliweka akiba ya asilimia 5 ya leveli, mpaka kikomo cha leveli moja na nusu. Fanya hesabu: vipande 30 vya saa 8 ni siku 10. Mtu wa Lemosho anapanda, anashuka, analala, na akiba yake bado inakusanya. Igeni utaratibu huo jinsi ulivyo. Ni mistari michache ya kodi: hifadhi saa ya kutoka, na mtu akiingia hesabu tofauti.

EVE ilikwenda njia nyingine: ujuzi hujifunza wenyewe kwa saa halisi, uwepo au usiwepo. Inamfaa sana anayekosekana. Kasoro yake ni kwamba mgeni hawezi kumfikia mkongwe kwa juhudi, na mpaka 2016 hapakuwa na njia ya kununua ujuzi uliotolewa kwa mchezaji mwingine. Ukichagua njia hii, weka kikomo ambacho mgeni anaweza kukifikia kwa miezi mitatu.

Kwa upande wa wakereketwa, kishawishi ni kuwawekea dari ya muda kwa siku. Msifanye hivyo. Mtu mwenye likizo yake aachwe acheze. Kinachosaidia ni kupanua mambo ya kufanya kwa upana badala ya kupandisha namba juu. Guild Wars 2 ilitoka 2012 na leveli ya mwisho 80, na nyongeza zote zilizofuata hazikuipandisha. Pia mwenye leveli 80 akirudi eneo la leveli 15 nguvu zake hushushwa zilingane na eneo. Mkereketwa anaweza kucheza na binamu yake aliyeanza jana, na wote wakapata faida. Kwa seva ndogo hili ni la lazima, maana bila hilo watu 120 watatawanyika leveli sitini na kila mmoja atacheza peke yake.

Bei ya kutegemea watu

Molten Core, shimo kubwa la mwanzo la World of Warcraft, lilichukua hadi watu 40. Nyongeza ya 2007 ilishusha makundi kuwa ya 25 na 10. Desemba 2009 ikaja njia ya kukusanya kikundi kwa kubonyeza kitufe, ikichanganya watu wa seva mbalimbali, na 2011 ikafikia hata mapambano makubwa. Waliokuwa hawapati watu sasa walipata. Kilichopotea ni kujuana: aliyekuibia mali au kukimbia katikati ya pambano hukumwona tena, kwa hiyo jina baya halikumgharimu kitu.

Timu ndogo ina bahati hapo. Tuseme akaunti hai ni 120 na saa 2 usiku wako watu 20. Kila mtu anamjua kila mtu. Lakini pambano la watu 10 ni nusu ya wote waliomo saa hiyo, na likifeli kwa sababu mmoja amekatiwa umeme, jioni ya watu tisa imeharibika. Kikundi cha kawaida kiwe cha 3 au 4, kikubwa kabisa 6 hadi 8. Ruhusuni mtu kubadilishwa kati ya bosi mmoja na mwingine bila kikundi kupoteza kilipofika.

Uhai wa bosi uongezeke kwa idadi, lakini chini ya uwiano: uhai wa msingi mara (1 + 0.7 × wachezaji walioongezeka). Wanne wanakutana na bosi wa 3.1 badala ya 4, wanammaliza kwa muda uliopungua karibu robo. Faida hiyo ndogo inatosha kumfanya mtu aite wenzake, na haimnyimi anayecheza peke yake. Ukizidisha moja kwa moja, 4 kwa 4, kuungana kunakuwa usumbufu usio na malipo.

Maeneo ya hatari na sababu ya kwenda huko

Ultima Online ya 1997 ilianza na dunia moja ambamo mtu angeuawa na kuporwa karibu popote nje ya miji. Mwaka 2000 dunia ikanakiliwa: Trammel salama, Felucca ya hatari. Walio wengi walihamia upande salama. Kosa la kujifunza ni kwamba pande mbili zilizofanana kwa ramani hazikuwapa watu wa kawaida sababu ya kutosha ya kuvuka.

EVE iliweka ngazi. Usalama wa nyota kuanzia 1.0 hadi 0.5 una polisi, 0.4 hadi 0.1 una ulinzi kidogo, 0.0 kila mtu na lwake, na mali adimu iko huko chini. Albion Online, inayochezwa pia kwenye simu tangu 2021, inatumia rangi: eneo la buluu hakuna kushambuliana, la njano unaangushwa tu bila kuporwa, jekundu na jeusi unapoteza ulichobeba, na sehemu ya mali hiyo huharibika isimfikie hata muuaji. Kuharibika huko kuna kazi yake: kunawapa mafundi soko jipya kila siku.

Pigeni hesabu kabla ya kuweka zawadi. Eneo salama linatoa shaba 40 kwa dakika, 2,400 kwa saa. Eneo jekundu linatoa 100, yaani 6,000 kwa saa. Seti ya vifaa ni shaba 1,800. Mtu akifa mara moja kwa saa anabaki na 4,200, anaona faida. Akifa mara tatu anabaki na 600, na eneo litakuwa tupu ndani ya wiki, kisha hata wawindaji watalalamika kwamba hakuna watu. Fuatilieni vifo kwa saa katika eneo hilo kila siku. Vikizidi viwili, ongezeni njia za kutokea kwanza, maana lango moja la kutokea ni mtego. Zawadi ipandishwe baadaye ikiwa bado haitoshi.

Namba peke yake haitoshi kuunganisha pande mbili. Wekeni kitu kinachopatikana hatarini tu na watu wa salama wanakihitaji, kwa mfano madini ya kutengenezea vyombo vya daraja la juu. Halafu kitu ambacho watu wa salama ndio wazalishaji wazuri, chakula na dawa, ambacho wa hatarini wanakimaliza haraka. Mwenye duka wa Soko Kuu atauza dawa usiku wote bila kushika upanga, na atakuwa mtu muhimu kwa wakereketwa wakali kabisa.

Maisha mamoja

Wakereketwa watawaomba mhusika wa maisha mamoja. Wapeni, kwa hiari, na kwa alama ya jina ili wengine waone. World of Warcraft ilifungua seva rasmi za namna hiyo Agosti 2023: ukifa hakuna kufufuka hapo, na kwa kanuni za wakati huo kampuni haikumrejesha mhusika hata kama aliyekuua ni mtandao. Old School RuneScape ina njia ya upole: mhusika wa chuma asiyefanya biashara na mtu, na ngazi yake kali ambapo kifo kinamvua alama na kumshusha kuwa wa chuma wa kawaida, bila kumfuta.

Kwetu tunapendekeza ya pili bila kusita. Kufuta miezi minne ya mtu kwa sababu umeme umekatika Njiro ni ukatili usiomfundisha mchezaji chochote. Akivuliwa alama, fahari imepotea, na hiyo ndiyo iliyokuwa dau. Kwenye kodi ni bendera moja (alama ya ndiyo au hapana) inayozuia kubadilishana mali, soko, na kuokota vilivyodondoshwa na wengine. Na chochote mtakachouza kwa M-Pesa au Airtel Money, msiuze msamaha wa kifo. Siku mnapouuza, alama zote za wakereketwa zimekuwa karatasi.

Kujaribu

Tafuteni watu 12: wanne wachezaji wa kila siku, wanne wa gemu za simu tu, wanne wasiocheza kabisa. Waketi chumba kimoja kwa dakika 90, msiwaelekeze. Kwenye seva ya majaribio ya Linux, igizeni mtandao mbovu kwa amri hii, mkibadilisha jina la kadi ya mtandao kulingana na seva yenu:

`tc qdisc add dev eth0 root netem delay 200ms 60ms loss 3%`

Kuiondoa ni `tc qdisc del dev eth0 root`. Mara tatu wakati wa zoezi, zimeni ruta kwa sekunde 30 bila kuwaambia. Msiwaangalie simu zao wakati huo. Waangalieni nyuso, halafu sikilizeni sentensi ya kwanza atakayoitoa kila mmoja akirudi ndani.

Seva irekodi kila kifo: nani, wapi, nini kilimuua, sekunde ngapi tangu aingie, na kama aliyekufa alikuwa na alama ya kukatika. Ripoti moja ina uzito kuliko zote: watu waliotoka ndani ya dakika 5 baada ya kufa na hawakurudi kwa saa 48. Zipangeni kwa mahali. Karibu kila mara sehemu mbili au tatu za ramani zitabeba nusu ya orodha, na hizo hurekebishwa kwa kusogeza zimwi moja au kuweka daraja, bila kugusa kanuni ya kifo.

Mkianza kurekebisha kanuni zenyewe, badilisheni bei moja kwa wakati, mtangaze siku saba kabla, kisha msubiri wiki mbili kabla ya kugusa nyingine. Kushusha adhabu kunaweza kuanza mara moja. Kuipandisha kuanze na wahusika wanaoingia eneo hilo baada ya tangazo, na mwenye mali aliyoiacha huko apewe muda wa kuitoa. Tangazo libaki hata kanuni ikishaanza, lidumu zaidi ya safari moja ya mlima: mkiliweka siku saba tu kwenye skrini ya kuingia, mtu wa Lemosho atashuka na kukuta kanuni mpya ambayo hakuwahi kuisoma. Mwonyesheni tena mara ya kwanza anapoingia, kabla mhusika wake hajasogea hatua moja.